Kabla ya kufufua msumeno mkuukuu, chunguza kwanza kilichouua

MSUMENO wa injini unapokata roho katikati ya gogo, wenye mashine wengi hukimbilia kuulizia bei ya pistoni na silinda. Fundi naye, kwa kuchelea kumpoteza mteja, huifungua mashine, hutoa vilivyoharibika, hutia vipya na kupokea ujira wake. Siku hiyo msumeno hunguruma kama simba. Baada ya wiki mbili, au hata baada ya matangi mawili matatu ya petroli, unarejeshwa pale pale ukiwa umekufa kifo kile kile.

Kosa halimo katika pistoni mpya. Limo katika utaratibu, kwani mgonjwa ametibiwa kabla ya kupimwa. Pistoni iliyokwaruzika ni dalili, na ni nadra sana kuwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Iwapo kilichoikwaruza kingali ndani ya mashine, kitaikwaruza na ile mpya, tena kwa muda mfupi zaidi, maana pistoni mpya bado haijazoeana na silinda.

Kwa mpasuaji mbao wa Molo, Elburgon au Njoro, ambaye riziki yake hupimwa kwa futi za mbao anazopasua kwa siku, hasara ya namna hiyo si ndogo. Hulipia vipuri mara mbili, humlipa fundi mara mbili, na siku zote hizo gogo lililala shambani likingoja, na mwenye gogo akianza kutafuta mpasuaji mwingine.

Isitoshe, misumeno mingi inayoletwa kwa mafundi ni ya zamani. Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma ilitangazwa Februari 2018, na Rais William Ruto akatangaza kuiondoa Julai 2023. Mashine iliyowekwa stoo mwanzoni mwa kipindi hicho na kutolewa mwishoni ilikaa zaidi ya miaka mitano bila kuwashwa. Ndani ya muda huo petroli hukauka ikawa gundi, mipira hukakamaa, na kutu hutambaa kwenye beringi. Mashine kama hiyo inapokataa kuwaka, au inapowaka na kufa upesi, si lazima pistoni ndiyo iwe na lawama.

Ili kuelewa jinsi ya kuichunguza, sharti kwanza ieleweke inavyofanya kazi.

Injini ya pawasoo, kama wengi wanavyoiita mashine hii nchini, ni ya mipigo miwili. Injini ya gari, au ya pikipiki nyingi za bodaboda, ina mahali pake maalumu pa kuwekea oili. Hii haina. Oili yake huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Mchanganyiko huo hupita kwenye kabureta ukaingia chini ya pistoni, katika kasha la krenki, na huko hulainisha beringi. Kisha pistoni inaposhuka huusukuma kupitia vijia vya pembeni hadi juu yake, ambako hubanwa na kuchomwa na cheche ya plagi. Kila krenki inapozunguka mara moja, mlipuko mmoja hutokea. Msumeno unaokata kwa kasi ya mizunguko 9,000 kwa dakika hulipuka mara 150 kwa kila sekunde.

Mambo mawili yanafuata, na ndiyo kiini cha uchunguzi wote. La kwanza ni kwamba mafuta yanayoipa injini nguvu ndiyo hayo hayo yanayobeba oili yake. Chochote kinachopunguza petroli inayoingia hupunguza pia ulainisho, na papo hapo huongeza joto, kwa kuwa mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo huchoma vikali. La pili ni kwamba kasha la krenki ni pampu. Lazima lifungike barabara pasiwe na upenyo wowote. Likitoboka mahali, hata kwa tundu lisiloonekana kwa macho, huvuta hewa ya wizi ambayo haikupitia kwenye kabureta, na mizani ya petroli na hewa huharibika.

Hewa hiyo ya wizi imeua misumeno mingi kuliko uzee wenyewe.

Uchunguzi huanza kwa maswali, jinsi daktari anavyomuuliza mgonjwa kabla ya kumwekea kipimo. Je, mashine ilizima ghafla ikiwa moto na katikati ya kazi, au ilidhoofika polepole kwa majuma? Kabla ya kuzima, ilipiga ukelele wa kasi isiyo ya kawaida, hata baada ya mtumiaji kuachilia kifyatuo cha mafuta? Nani aliyechanganya petroli siku hiyo, na alitumia kipimo gani? Je, mashine ilikuwa imeazimwa? Swali hili la mwisho huwaudhi baadhi ya wenye mashine, lakini majibu yake mara nyingi hufichua mengi kuliko geji.

Msumeno uliopiga ukelele kabla ya kufa karibu kila mara ulikosa petroli ya kutosha au ulivuta hewa ya wizi. Uliodhoofika kwa miezi, ukawa unahitaji kamba ivutwe mara ishirini asubuhi, huenda umechakaa tu. Ule unaowaka vyema ukiwa baridi lakini hukataa ukipata moto, kisha huwaka tena baada ya kupoa kwa nusu saa, una shida mojawapo kati ya mbili: mgandamizo umepungua, au koili inapoteza cheche inapopata joto. Kutofautisha ni rahisi. Plagi ichunguzwe wakati ule ule mashine inapokataa, ikiwa ingali moto. Cheche ikiwapo, koili haina hatia.

Kamba ikikataa kabisa kuvutika, mtu asiilazimishe. Kwanza afungue breki ya mnyororo, kisha atoe mnyororo na bapa lake, maana huenda kilichokwama ni mnyororo na wala si injini. Ikibaki imekwama, atoe plagi. Ikizunguka baada ya hapo, pengine silinda ilijaa petroli. Ikikataa hata hivyo, basi pistoni imeshikana na silinda, au beringi imevunjika, au kuna kitu kimejibana kwenye gurudumu la sumaku. Kutumia nguvu hapo ni kuvunja ringi na kuchora mikwaruzo mipya juu ya ile ya zamani, na hivyo kufuta ushahidi ambao fundi angeusoma.

Kamba ikivutika, hatua inayofuata ni cheche. Plagi hutolewa, hurudishwa kwenye kofia yake, na chuma chake huegemezwa kwenye silinda mbali na tundu ilimotoka, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka humo unaweza kushika moto. Kamba ikivutwa, cheche ya samawati ionekane. Isipoonekana, plagi mpya ijaribiwe, pengo lake likiwa nusu milimita. Ikishindikana, waya unaotoka kwenye koili kwenda kwenye swichi ya kuzimia uchomolewe. Si mara moja wala mbili ambapo msumeno umehukumiwa kuwa umekufa, kumbe waya huo umechubuka na unagusa chuma.

Misumeno ya kale zaidi ina pointi badala ya koili ya kielektroniki, nazo huota kutu zikikaa stoo. Kuzisugua kwa msasa laini hutosha mara nyingi. Aidha, kuna kifungo kidogo cha chuma kinacholishikilia gurudumu la sumaku mahali pake kwenye krenki. Kikikatika, cheche huwapo lakini huja wakati usiofaa, na kamba humrudisha mvutaji mkono kwa kishindo.

Plagi yenyewe nayo husema. Ikiwa na rangi ya kahawia, mchomo ulikuwa sawa. Ikiwa nyeusi na imelowa, petroli ilizidi au cheche ilikosekana. Ikiwa nyeupe na kavu kama mfupa, injini ilikuwa ikiungua kwa uhaba wa petroli. Vitone vidogo vya kijivu vinavyometameta kwenye ncha yake ni habari mbaya zaidi: hivyo ni vipande vya pistoni iliyoanza kuyeyuka.

Kisha hupimwa mgandamizo. Mafundi wengi huinua msumeno kwa mpini wa kamba ya kuwashia na kutazama unavyoshuka. Ukishuka kwa kusitasita, mgandamizo upo, ukiporomoka, haupo. Ni kipimo cha haraka kisichogharimu chochote, lakini hakitoshi kumtoa mtu pesa mfukoni. Geji ni bora. Kifyatuo cha mafuta hushikiliwa wazi kabisa, na kamba huvutwa hadi mshale ukome kupanda. Misumeno mingi yenye afya husoma kati ya pauni 140 na 170 kwa inchi mraba. Chini ya 120 kuna shaka. Chini ya 90 ni vigumu mashine kuwaka.

Hata hivyo, geji hudanganya. Zile za magari, zenye mpira mrefu, husoma chini zinapotumiwa kwenye injini ndogo kama hii. Vilevile, silinda iliyofurika petroli huoshwa oili yake, na mgandamizo hushuka kwa muda tu. Baadhi ya misumeno mikubwa ina vali ya kupunguzia mgandamizo wakati wa kuwasha, na isipofungwa, kipimo hakina maana. Mathalani, Stihl 070, mashine ya sentimita 106 za ujazo iliyo ya ukoo mmoja na Contra ambayo kampuni hiyo ya Ujerumani ilitoa mwaka wa 1959, ina vali ya aina hiyo. Matone machache ya oili yakidondoshwa ndani ya tundu la plagi na geji ikapanda kwa kiasi kikubwa, ringi au silinda imechakaa.

Jambo moja zaidi kuhusu mgandamizo: ukiwa mzuri hauthibitishi uzima. Pistoni inaweza kuwa na mikwaruzo ya kutisha upande mmoja na bado geji ikasoma pauni 140. Ndiyo maana fundi mwangalifu hatosheki na namba, bali hufungua ekzosti.

Kazi hiyo huhitaji kulegeza bolti chache tu, na haiharibu chochote. Ekzosti ikishatoka, huonekana tundu la kutolea moshi, na kupitia tundu hilo pistoni hutazamwa kwa kurunzi huku kamba ikivutwa taratibu. Upande wa pili, kabureta ikitolewa, pistoni huonekana kupitia tundu la kuingizia. Kwa hivyo, bila hata kuitoa silinda, pistoni huweza kusomwa pande zake mbili. Anayejua kuisoma huwa amepata nusu ya jibu.

Pistoni nzima ina mistari myembamba ya kiwandani inayoizunguka. Mistari hiyo ikionekana, uchakavu ni mdogo. Ikiwa imekwaruzika upande wa ekzosti pekee, huku upande wa kabureta ukiwa safi, basi iliungua. Upande wa ekzosti ndio wenye joto kali zaidi, hivyo ndio hutangulia kuumia petroli inapopungua. Hapo fundi atafute kilichopunguza petroli au kilicholeta hewa ya wizi. Atazame pia mapezi ya silinda. Mashine ambayo mapezi yake yamejaa unga wa mbao uliogandamana na oili haipoi, na pistoni yake huungua hata kama mchanganyiko ulikuwa barabara. Vijiti na bisibisi ya zamani hutosha kuondoa uchafu huo, na ni aibu kubwa kuuza pistoni mpya kwa sababu ya uchafu ambao ungeondolewa kwa dakika kumi.

Ikiwa upande uliochakaa ni wa kabureta, na uso wake umekuwa wa kijivu kama uliosuguliwa kwa msasa, mhalifu ni vumbi. Chujio la hewa limepasuka, au halikukaa sawasawa mahali pake, au limetobolewa na anayelisafisha. Desturi ya kuligongagonga chujio kwenye kisiki ili vumbi litoke imeenea, na kila pigo hupanua matundu yake. Chujio likiinuliwa kuelekea jua na nuru ikapenya mahali kwa wazi, kazi yake imekwisha. Kidole kikipitishwa ndani ya koo la kabureta kikatoka na vumbi, hakuna haja ya ushahidi mwingine.

Mikwaruzo ikiizunguka pistoni pande zote, na hasa sehemu ya chini ya kasha la krenki ikiwa kavu, ile mashine ilikunywa petroli tupu. Hili ni jambo la kuthibitishwa kwa kidole. Kasha la injini iliyopata mchanganyiko wake huwa na utando wa oili. Lililopewa petroli isiyochanganywa huwa kavu, na hata beringi zake hung'aa bila unyevu wowote. Katika hali hiyo kubadilisha pistoni pekee ni kujidanganya, kwani beringi zilizokula njaa pamoja nayo hazitadumu.

Mfuo mmoja mrefu ulionyooka kutoka juu hadi chini una hadithi nyingine. Mara nyingi ni klipu inayoizuia pini ya pistoni imechomoka, au ncha ya ringi imenasa kwenye tundu na kuvunjika. Kichwa cha pistoni kilichojaa mabonde madogo kama kilichopigwa kwa nyundo huonyesha kuwa kitu kigumu kilikuwa kikirukaruka humo ndani, na lazima kijulikane kilitoka wapi. Kikiwa kipande cha beringi, vipande vingine vingali chini vikingoja pistoni mpya. Kichwa kilicholiwa ukingoni, au kilichotoboka katikati, ni kazi ya milipuko isiyo na utaratibu, ambayo husababishwa na joto kupita kiasi, cheche inayokuja mapema, au petroli duni.

Kuhusu petroli, Kenya ina historia isiyopendeza. Kwa miaka mingi wafanyabiashara walaghai walichanganya petroli na mafuta taa kwa sababu ya tofauti ya bei, hadi serikali ikaweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018 ili kuziba mwanya huo. Mafuta taa hulipuka kabla ya wakati yanapobanwa ndani ya injini ya petroli. Injini ya gari huenda ikalalamika na kuendelea. Injini ndogo ya mipigo miwili inayokata gogo la mkaratusi kwa nguvu zake zote haina uvumilivu huo. Petroli ikishukiwa, matone kadhaa yamwagwe kwenye karatasi nyeupe na kuachwa yakauke. Petroli safi hutoweka upesi. Ikiacha doa la mafuta lenye harufu ya taa, imechakachuliwa. Jaribio hili hufanywa kwa petroli ambayo haijatiwa oili, la sivyo doa litakuwapo kwa vyovyote.

Kipimo cha oili nacho huzua ubishi usiokwisha. Watengenezaji wa misumeno ya leo hupendekeza sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa lita moja, mradi oili iwe ile maalumu ya injini za mipigo miwili iliyoidhinishwa nao. Kwa oili nyingine za mipigo miwili, Stihl hushauri moja kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita. Oili ya injini ya gari haifai hata kidogo. Kuna pia wanaoamini kwamba kuzidisha oili ni kuipenda mashine. Oili ikizidi hupunguza petroli katika mchanganyiko, huziba ekzosti kwa masizi na kukwamisha ringi kwenye mifuo yake. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa ya soda, kama inavyofanyika katika maeneo mengi, si kipimo.

Sasa tuseme pistoni imeonyesha kuungua upande wa ekzosti, petroli ilikuwa safi na oili ilipimwa. Kilichobaki ni kutafuta hewa ya wizi au njia ya petroli iliyoziba. Hapa ndipo mafundi wengi hukata tamaa na kuanza kubahatisha, na hapa ndipo pesa za mteja huokolewa au hupotea.

Njia ya petroli ni nyepesi kuchunguza. Chujio dogo lililomo ndani ya tangi huziba. Mpira wa kupitishia petroli hupasuka mahali unapopenya kwenye tangi. Kitundu cha kuingizia hewa kwenye tangi huziba, na petroli ikashindwa kutoka baada ya dakika chache za kazi. Dalili ya hili la mwisho ni kwamba kifuniko cha tangi kikilegezwa hufyonza hewa kwa sauti na mashine hupata nafuu. Ndani ya kabureta kuna viwambo vya mpira ambavyo hupapatika ili kuivuta petroli. Vinapozeeka hukakamaa, na badala ya kunyumbuka hutoa sauti kama ya karatasi. Msumeno uliokaa stoo kwa miaka mitano ubadilishwe viwambo bila mjadala. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya silinda.

Hewa ya wizi huhitaji kipimo cha shinikizo. Injini hufungwa matundu yake yote: la ekzosti kwa kipande cha mpira wa tyubu kilichobanwa chini ya ekzosti yenyewe, la kabureta kwa bamba lenye kijibomba, na plagi huachwa mahali pake. Kisha hewa hutiwa kwa pampu ndogo yenye geji hadi nusu baa, ambayo ni kama pauni saba, na mshale hutazamwa kwa sekunde 20. Usipotikisika, injini imefungika. Ukishuka, maji ya sabuni hupakwa kwenye maungio, na povu huonyesha mhalifu alipo.

Shinikizo pekee halitoshi. Pampu hugeuzwa ili ivute hewa badala ya kuisukuma, na mshale hutazamwa tena. Sababu ni kwamba sili za krenki zina midomo laini. Hewa inaposukumwa kutoka ndani huikandamiza midomo hiyo kwenye chuma na kuficha udhaifu wake, lakini inapovutwa huiachanisha. Injini kazini hufanya yote mawili, ikisukuma na kuvuta. Wakati wa vipimo hivi krenki izungushwe polepole, kwani sili nyingine huvuja zikiwa katika pembe moja tu.

Mahali ambapo hewa hupenya ni pachache na panajulikana. Ni sili mbili za krenki, moja nyuma ya klachi na nyingine nyuma ya gurudumu la sumaku. Mpira unaounganisha kabureta na silinda. Gasketi ya chini ya silinda. Gasketi inayoungana nusu mbili za kasha. Na katika baadhi ya misumeno, kijimpira kinachopeleka msukumo kwenye kabureta. Sili zikilaumiwa, ni busara kuchunguza kama krenki inacheza kabla ya kuzibadilisha. Krenki inayoyumba kwa sababu ya beringi iliyolika itararua sili mpya kama ilivyorarua za zamani.

Kuzifikia sili hulazimu kutoa klachi, na hapa kuna mtego mdogo. Katika misumeno mingi klachi hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea mshale wa saa unavyokwenda, kinyume cha skrubu za kawaida. Wasiojua hukaza zaidi wakidhani wanalegeza. Ili krenki isizunguke, kamba laini hupitishwa kwenye tundu la plagi ikajaza silinda, pistoni ikaegemea kamba hiyo. Kuchomeka bisibisi mahali pa kamba ni njia ya mkato ya kutoboa pistoni ambayo pengine ilikuwa nzima.

Beringi za chini huchunguzwa kwa mkono. Silinda ikiwa imetolewa, mkono wa pistoni hushikwa na kuvutwa juu na kusukumwa chini. Kusogea kidogo kwenda kando ni jambo la kawaida. Kusogea juu na chini, hata kwa kiasi cha kuhisiwa tu, ni hukumu: krenki nzima imekwisha. Krenki ikizungushwa karibu na sikio, nayo isikike kimya. Sauti ya changarawe ina maana ya kutu au tembe zilizolika.

Silinda haistahili kutupwa kwa haraka. Ukuta wake wa alumini umepakwa tabaka gumu la kromu au nikeli, na mara nyingi kinachoonekana kama mkwaruzo ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka na kunata juu ya tabaka hilo. Alumini hiyo huondolewa kwa msasa laini na subira. Wengine hutumia tindikali ya hidrokloriki inayouzwa kwa wafua vyuma, wakiipaka kwa pamba pale tu palipo na alumini. Njia hiyo hufanya kazi, lakini ni ya hatari: hutoa mvuke unaochoma mapafu, na ikipita tabaka lililopasuka huila silinda yenyewe. Inahitaji glavu, mahali pa wazi na maji mengi. Baada ya kusafisha, ukucha upitishwe ukutani. Ukikwama kwenye mfuo, au tabaka likiwa limebanduka na rangi tofauti ikaonekana chini yake, hapo ndipo silinda mpya inunuliwe.

Baada ya yote hayo ndipo hesabu hupigwa. Msumeno ulioungua kwa sababu ya sili moja iliyopasuka, beringi zake zikiwa nzima na silinda ikisafishika, ni wa kufufuliwa bila kusita. Uliokunywa petroli tupu, krenki ikawa inapiga kelele na silinda ikabanduka, huhitaji karibu kila kitu kilicho ndani yake, na mwenyewe hushauriwa vyema akiuuza kwa vipuri. Tangi lake, mpini, kifuniko na koili bado vina wanunuzi. Kwa upande mwingine, mashine kubwa za zamani ambazo makasha yake ni ya magnesi madhubuti huvumilia kufufuliwa zaidi ya mara moja, na si ajabu kuona mafundi wakizipendelea kuliko mpya za bei rahisi.

Vipuri vya misumeno hiyo ya zamani vinapatikana Nairobi katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga na kwingineko, vya kiwandani na vya kuiga. Nakala si zote mbaya, ila zichunguzwe kabla ya kulipiwa: kingo za matundu ya silinda zisiwe kali, na ringi isukumwe ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili pengo la ncha zake lionekane. Ncha zikigusana, injini ikipata moto ringi itavimba na kuvunjika.

Kuhusu kuijaribu mashine, ni vyema ifanyiwe majaribio nyumbani au katika karakana. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 hairuhusu mtu kuingia na msumeno wa aina hii katika msitu wa umma bila kibali, na askari wa misitu hatajali kwamba mwenyewe alitaka tu kusikia inavyonguruma.

Injini ikishaunganishwa tena, kabla ya kabureta na ekzosti kurejeshwa, kipimo kile cha nusu baa hurudiwa, kwa kusukuma na kwa kuvuta, kwa sekunde 20 kila kimoja. Mshale ukishuka, kamba ya kuwashia isiguswe, na maji ya sabuni yarudi mezani.